Tupeane uzoefu: vitenzi vya Kiingereza vya kuonya, kuarifu na kutabiri

Wanajukwaa wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninatafsiri nyaraka hapa Dodoma mjini, na tangu ofisi nyingi za Serikali zihamie huku kutoka Dar es Salaam, barua, matangazo na mihtasari ya vikao inayopita mezani kwangu kwa lugha zote mbili imeongezeka sana. Vitenzi vinavyowatatiza waandishi wetu kuliko vingine, kwa ninavyoona, ni vile vya Kiingereza vya kuonya, kuarifu na kutabiri, na chanzo chake ni kwamba Kiswahili humpa mtu nafasi karibu katika kila kitenzi. Tunatangaza, na tukimlenga mtu tunamtangazia. Tunatabiri, na tukitaka tunamtabiria. Kiingereza hakina kauli hiyo ya kutendea, hivyo kila kitenzi kimejiwekea sharti lake. "Inform" na "notify" hutaka aliyearifiwa atajwe, ndiyo maana "the chairman informed that the meeting was postponed" haikubaliki, ingawa mihtasari imejaa sentensi za namna hiyo. "Announce" humpokea mtu kwa kupitia "to". "Predict" haimpokei kabisa: ukitaka kusema kwamba mganga alikutabiria safari, utaandika "he predicted that I would travel", na wewe unayetabiriwa unaingia katika kishazi cha pili tu. Naomba tupeane yale tuliyoyaona kazini, darasani au sokoni.

Mwalimu wa Mpwapwa

Ahsante kwa kuanzisha mada hii. Nilipowapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kusimulia tukio la masika, mmoja wao aliandika habari ya mzee aliyewazuia watoto kuvuka korongo lililojaa. Sentensi yake ilikuwa hii: "The old man warned them to cross the river." Kichwani mwake kulikuwa na Kiswahili safi, yaani mzee aliwaonya wasivuke, na aliamini kwamba katazo limo tayari ndani ya "warn". Kiingereza hudai "not" iandikwe: "warned them not to cross", au "warned them against crossing". Ikikosekana, mzee wa watu anageuka kuwa ndiye anayewahimiza watoto waingie majini. Nilimsimamisha kijana mmoja mbele ya darasa awe mzee, wengine wakawa watoto wanaosoma sentensi hizo mbili na kuzitii kama zilivyoandikwa. Darasa lilicheka sana, hasa kwa sababu watoto wa huku wanalijua korongo: mvua inanyesha milimani, kwenu jua linawaka, na maji yanashuka ghafla yakiwa na magogo. Tangu hapo ninapofundisha kitenzi cha kundi hili ninauliza kwanza kama kinamtaka mtu, kisha kama kinakataza chenyewe au kinahitaji kusaidiwa. Orodha ya maana ninaiacha baadaye, kwa kuwa maana huwa wanazijua.

Karani Mstaafu

Mimi nitasema la "advise". Katika barua za Kiingereza za kiofisi, "please be advised that" haina ushauri wowote ndani yake. Ni njia ya kusema tafadhali fahamu. Ofisi moja niliyowahi kuhudumu ilitoa barua kwa waombaji wa viwanja iliyotafsiriwa "Unashauriwa kwamba ombi lako limepokelewa." Mama mmoja alifika dirishani na barua yake imekunjwa mara nne ndani ya kitambaa, akaniuliza kwa heshima zote: "Mwanangu, huo ushauri wenyewe uko wapi, niufuate?" Ilitosha kabisa kuandika "unaarifiwa". Naongeza kwamba anayeona "we regret to inform you" hana haja ya kuendelea kusoma ili ajue kwamba amekosa.

Afisa Ugani, Bahi

Alilolisema mzee wangu Karani linagusa kazi yetu moja kwa moja. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zina ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kwa Kiingereza ngazi ya kwanza huitwa "advisory". Hapo nako si ushauri wa kuchukua au kuacha. Ni kumfahamisha mtu aweke macho wazi.

Kuhusu "forecast", neno hili lina historia ambayo ninapenda kuwasimulia wakulima. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilizama kwa dhoruba katika pwani ya Wales na watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli ya Beagle iliyombeba Charles Darwin, alianzisha mwaka 1861 utaratibu wa kutuma tahadhari za dhoruba bandarini kwa telegrafu, na Agosti mwaka huohuo utabiri wake ukaanza kuchapishwa katika gazeti la The Times. Aliliteua neno "forecast" kwa makusudi. Alisisitiza kwamba taarifa zake si "prophecies" wala "predictions", bali ni maoni yanayotokana na hesabu za kisayansi. Sisi tunatumia "utabiri" kwa vyote viwili, kwa hiyo mkulima anayesikia kwamba mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani huipokea kauli hiyo kama ya mwaguzi, na zikinyesha vizuri anasema tumemdanganya. Mvua zetu za msimu mmoja, za Novemba hadi Aprili, hazimpi nafasi ya pili. Akichagua mahindi badala ya mtama au uwele, amechagua kwa mwaka mzima.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Kwetu lilitokea jambo na mnunuzi mmoja wa kigeni. Barua pepe yake ilianza "I must warn you that the truck may be late", na mwenyekiti wa kikundi chetu akakasirika, akataka tumjibu vikali kwa kuwa hawezi kutuonya kama vibarua wake. Huku onyo ni barua inayoingia kwenye faili lako kazini. Binti yangu aliyesoma barua ile ndiye aliyetutuliza: mtu alitaka tujue mapema ili tusikate zabibu zikalala juani. Tukaahirisha kuvuna, na lori kweli likachelewa.

Mwanafunzi wa Chuo

Naomba kuuliza: "forewarn" na "foretell" zinafuata sharti gani? Na wakati uliopita wa "forecast" ni upi?

Mwanzisha mada

"Forewarn" humpokea mtu kama "warn", ilhali "foretell" hufuata "predict" na hutaja jambo lenyewe. "Forecast" hubaki "forecast" katika wakati uliopita. "Forecasted" nayo inakubalika, ila katika ripoti ushike moja tu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.