Spika wa Ohio kafungwa miaka 20, tozo ya makaa ya mawe ikabaki kwenye bili!

Wakuu, imetosha. Kila ikitajwa kesi ya rushwa ya Larry Householder, mtu anarukia "Marekani sheria inafanya kazi, kigogo kalala ndani". Kalala ndani, sawa. Hela ya wananchi je?

Twende na mtiririko, maana wengi wanauchanganya. Householder, Republican, alishakuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Ohio 2001 hadi 2004. Akaondoka huku anachunguzwa, mashtaka hayakuja. Akarudi kwa uchaguzi wa 2016, na 2017 ikasajiliwa Generation Now, asasi iliyokuwa mikononi mwake. Hapo ndipo pa kukazia macho. Ilisajiliwa kama asasi ya "ustawi wa jamii", kifungu 501(c)(4) cha sheria ya kodi, aina ambayo hailazimiki kutaja hadharani nani anaichangia. Kampuni ya umeme FirstEnergy na tanzu zake wakamimina humo karibu dola milioni 60.

Kwanza zikawabeba wagombea wake 2018, kuanzia kura za mchujo, ili wakishinda wamlipe kwa kura ya uspika. Januari 2019 akakitwaa kiti kwa 52 dhidi ya 46, na nusu ya hizo 52 ni za Democrat (mnaosema huu ni uozo wa chama kimoja, mko wapi?). Kisha mswada wa House Bill 6, uliopita na kusainiwa siku hiyohiyo, 23 Julai 2019: dola milioni 150 kwa mwaka kwa vinu vya nyuklia vya Perry na Davis-Besse, mali ya kampuni tanzu ya FirstEnergy iliyokuwa kwenye ufilisi. Humohumo wakachomeka ruzuku kwa mitambo miwili ya makaa ya mawe ya kampuni ya umeme ya OVEC, Kyger Creek na Clifty Creek. Clifty Creek iko Indiana jamani! Mtu wa Columbus, Ohio, alikatwa kwenye bili yake kuubeba mtambo wa jimbo jingine.

Wapinzani wakadai kura ya maoni ya kuifuta sheria hiyo: sahihi 265,774 ndani ya siku 90. Zikamwagwa hela tena, matangazo ya kutisha watu kwamba Wachina wanakuja kuchukua umeme wa Ohio, na wakusanya sahihi wakalipwa waache kazi. Sahihi hazikutimia.

Na yeye mwenyewe? Zaidi ya dola nusu milioni: madeni ya kadi, gharama za kesi, nyumba yake Florida. Alikamatwa Julai 2020, Novemba wakamchagua tena (!), wenzake wakamfukuza Juni 2021 kwa 75 dhidi ya 21. Hukumu ya miaka 20 ikaja Juni 2023. FirstEnergy ililipa faini ya dola milioni 230 kwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka.

Sasa hasira yangu. Machi 2021 bunge lilifuta ruzuku ya nyuklia, ya OVEC wakairuka. Aliyeuza sheria kafungwa, ruzuku ya OVEC ikaendelea kukata watu kila mwezi, hadi sheria mpya, House Bill 15, ilipoisimamisha 2025. Wabunge wale wangeweza kuifuta yote kwa kura ileile ya 2021.

Na 501(c)(4) iko vilevile, wachangiaji bado hawatajwi.