Ushauri: kengele inashuka kwenye pigo la pili

Ncha_ya_Kamba: Wakuu, salaam. Nauliza kuhusu kengele za minara ya Uingereza, zile zinazozunguka duara zima na gurudumu lake. Pigo la kwanza, la kushika kishungi cha sufu kilichofumwa kwenye kamba, linakwenda vizuri. Pigo la pili, la ncha ya kamba, kengele inashuka na kulia kabla ya zamu yake, kamba nayo inacheza kama nyoka. Jumapili napiga namba 1 kwenye mpishano wa kengele 6, ule ambao kila kengele husogea nafasi moja moja kutoka mbele hadi nyuma na kurudi. Nianzie wapi?

FundiMnara: Ubovu wa pigo la pili mara nyingi huzaliwa kwenye la kwanza, mkuu. Vuta kishungi taratibu lakini kwa urefu, hadi kiunoni, ndipo ukiachie. Kisha acha mikono ipande mpaka inyooke kabisa juu ya kichwa. Ukiikunja, kengele haifiki pale inapokaribia kusimama kinywa juu, ndiyo maana inarudi mapema. Mikono imenyooka na bado inashuka? Ncha uliyoshika ni fupi, ongeza sentimita 5 hivi. Ukizidisha, kijiti cha kuzuia, kile kinachoizuia kengele isipitilize ikiwa kinywa juu, kitagonga. Kamba inayocheza imelegea au inavutwa upande. Ivute wima mbele ya uso.

Safu214365: Kwenye mpishano usikariri safu zote (safu ni kengele zote kulia mara moja moja). Safu baada ya safu, namba 1 humfuata, yaani hulia mara baada ya, 2, 4, 6, 5, 3, kisha tena 2, 4, 6, 5, 3, halafu unaongoza, yaani unalia wa kwanza, mara mbili. Jumla safu 12. Ukifika nyuma, nafasi ya mwisho, unakaa mara mbili: unamfuata 3, kisha 2. Ukielekea nyuma, kati ya mapigo yako inaingia kengele moja zaidi, kwa hiyo iachie ipande juu. Ukirudi mbele inapungua moja: fupisha kamba, izuie mapema. Wengi hukwama hapa. Wanajua namba lakini mkono haubadiliki.

Ncha_ya_Kamba: Asante sana. Na kijiti kikivunjika?

FundiMnara: Achia kamba papo hapo, rudi nyuma. Usijaribu kuizuia, itakunyanyua. Kijiti ni cha mti, kimewekwa kivunjike ili fremu isiumie. Na kamba ya kengele iliyosimamishwa kinywa juu isiguswe kamwe na asiyefundishwa, hata kwa kuisogeza tu.