Kikundi: Mazishi ya Mama Felista (Wanafamilia Tu)

Jumatano

17:46 Dada Felista: Poleni tena wote. Wa kuchapa anataka wasifu kabla ya saa tatu usiku, la sivyo vitabu vya misa havitakuwa tayari Ijumaa. Nakala 300. Naweka hapa nilichoandika. Nipeni masahihisho, msiniwekee mikono ya kuomba tu.

17:48 Dada Felista: WASIFU. Mama yetu mpendwa alizaliwa 1941 Bura, Taita, akabatizwa palepale misheni. Alisoma hadi darasa la nne. 1961 alifunga ndoa na Baba, askari wa King's African Rifles na baadaye wa Jeshi la Kenya. Waliishi kambi ya Lang'ata, kisha Nanyuki, na 1974 wakahamia Kariobangi. Walijaliwa watoto watano, mmoja ametangulia. Baba alistaafu 1985 na kutuacha 1999. Mama alikuwa mwanachama mwaminifu wa Chama cha Wanawake Wakatoliki (CWA), parokia ya Utatu Mtakatifu, Kariobangi, na mwenyekiti wa jumuiya. Alilala katika Bwana Jumatatu alfajiri. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe.

17:50 Ivoni: 🙏🙏

17:50 Dada Felista: Ivoni nimesema nini sasa hivi.

18:07 Dada Felista: Alama za buluu naziona. Mmesoma. Semeni kitu.

18:15 Lusia: Dada ni sawa, lakini inasomeka kama fomu ya kuomba kazi. Mama hayumo.

18:15 Dada Felista: Basi mtie ndani. Nipe sentensi, usinipe maoni.

18:22 Lusia: Andika vile Baba alipokuwa Garissa wakati wa vita vya shifta, na wanawake wa kambi wengi hawakujua kusoma. Barua ikifika wanamletea Mama. Alikuwa anaisoma kimya kwanza mpaka mwisho. Ikiwa ni habari njema anaisoma kwa sauti papo hapo. Ikiwa mbaya, anaikunja, anamwambia mwenyewe aketi, anatoa rozari. Kwa hiyo wakamjua. Akigusa mfuko wa rozari tu, mtu anaanza kulia. Alinisimulia mwaka jana nikimkanda miguu.

18:24 Dada Felista: Hiyo hakuwahi kuniambia.

18:24 Lusia: Hukuwa unamkanda miguu.

18:25 Dada Felista: Lusia, si leo.

18:31 Kevo: Nimepata picha ya Nyanya siku ya Papa Fransisko 2015, pale Chuo Kikuu. Mvua yote ile na mfuko wa plastiki kichwani 😂 Hiyo ilikuwa kabla mifuko haijapigwa marufuku.

18:32 Ivoni: 😂😂 Na gambuti za Mjomba Domi!

18:32 Kevo: Gambuti namba kumi kwa mguu wa namba tano. Alizijaza magazeti.

18:34 Ivoni: Tulitoka nyumbani usiku wa manane, na thamosi mbili za chai ya tangawizi. Nikajua ni zetu. Zikaishia kwa polisi wa foleni. Akasema hata hao wana mama zao.

18:35 Kevo: Mimi nilinyimwa. Niliambiwa nitoe kwa ajili ya roho za toharani 😂

18:36 Dada Felista: KEVO. Wasifu.

18:38 Ivoni: Lakini Mama Mkubwa hiyo ndiyo wasifu. Yohane Paulo wa Pili 1980, yupo Uhuru Park. Kongamano la Ekaristi 1985, yupo, na sebuleni amelaza mahujaji. 1995 yupo. 2015 ana miaka 74, amekataa kubaki aangalie kwa televisheni.

18:40 Dada Felista: Hiyo naweka. Mahujaji nawakumbuka, mmoja alikuwa anakoroma.

18:52 Mjomba Wundanyi: Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina. Sisi wa Taita tutaingia kesho jioni, watu tisa. Mtatulaza wapi?

18:53 Dada Felista: Amina Mjomba. Lusia ana nafasi.

18:53 Lusia: Lusia ana nafasi ya watu wanne.

18:58 Kevo: Swali tu. Nimeona orodha ya magari. Shangazi Anjelina yuko gari la kwanza na familia ya karibu. Yeye ni wa upande gani? Taita au Kangundo?

19:04 Kevo: Hallo?

19:09 Lusia: Ni wa 1982.

19:09 Kevo: 1982 ni wapi 😂

19:11 Dada Felista: Kevo, achana na hilo.

19:13 Lusia: Kwa nini aachane nalo? Mimi naona liandikwe. Kama kuna kitu kimoja alichofanya Mama ambacho hakuna mwanachama mwingine wa CWA amekifanya, ni hicho.

19:31 Domi: 1982 isiandikwe.

19:31 Dada Felista: Kumbe uko. Tangu Jumatatu nakuuliza habari ya basi.

19:33 Domi: Basi nitakuambia. 1982 isiandikwe. Watu 300 hawana haja ya kusoma mambo yetu.

19:34 Lusia: Mambo yetu yapi? Kwamba alilisha watu?

19:37 Domi: Alilisha watu kwa pesa ya nani? Muhula wa tatu wote nilikaa nyumbani. Kidato cha tatu. Wenzangu wanapanda basi na masanduku, mimi niko pale sokoni na kopo la kupimia mkaa. Wewe Lusia ulikuwa na miaka saba, ulifurahi umepata wa kucheza naye. Felista ulikuwa chuo cha ualimu. Aliyekula hasara ni mmoja.

19:38 Dada Felista: Hayo tena, Domi?

19:38 Domi: Ndiyo, hayo tena. Hakuna siku aliniambia pole.

19:39 Dada Felista: Domi, Shangazi yumo humu.

19:40 Domi: *Ujumbe huu ulifutwa*

19:41 Ivoni: Jamani, maua ni meupe au ya rangi? Mwenye maua anauliza.

19:41 Dada Felista: Meupe.

20:12 Shangazi Anjelina: Wanangu, naandikiwa na mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anaandika.

Kevo, mimi si wa Taita wala wa Kangundo. Mume wangu alikuwa fundi wa ndege, Jeshi la Anga, Eastleigh. Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeshavaa niende misa, redio ikasema serikali imepinduliwa. Yeye alikuwa zamu. Kufika jioni jeshi la nchi kavu lilikuwa limerudisha mji, na mume wangu sikumwona tena mpaka alipotoka kizuizini. Jeshi la Anga lilivunjwa lote, aliyekuwemo na asiyekuwemo. Nyumba tukaambiwa tutoke. Nilikuwa na watoto watatu na mimba. Ndugu zangu wa damu walinisemesha kwa dirisha. Siku zile hakuna aliyetaka kuonekana na mke wa mtu wa Anga.

Mama yenu nilimjua kanisani tu. Tulikuwa zamu moja ya kufua vitambaa vya altare. Alikuja Eastleigh na mtu wa mkokoteni, hakuuliza kitu, akaanza kufunga vyombo.

Na baba yenu alikuwa upande ule mwingine. Alitumwa mjini na bunduki kuwatoa watu wa Anga. Aliporudi likizo akatukuta tumelala kwenye sakafu yake. Ukuta ulikuwa wa mbao, nilisikia. Akasema, hawa ni watu wa Anga, mke wangu, unajua unachofanya? Mama yenu akamwambia, huyu mdogo ana homa, ongea polepole. Basi. Hawakuongea tena. Asubuhi baba yenu akatoka, akarudi na gunia la unga begani, na sare yake mwilini, watu wote wa mtaa wanamwona.

Domi. Ile karo naijua. Nilitaka kuuza cherehani yangu nikulipie, mama yako akakataa. Alisema nikiuza cherehani watoto wangu watakula nini Mungu akishawapa mahali. Usiku ulipokuwa umelala alikuwa anakufulia yale mashati ya shule, na shule huendi. Mimi niliona. Pole nakupa mimi, maana najua yeye hakukupa. Muhula siwezi kukurudishia.

Andikeni au msiandike, ninyi ndio watoto. Lakini Ijumaa nitasimama kanisani niseme, nikipewa nafasi au nisipopewa.

20:41 Mjomba Wundanyi: Asante dada yetu.

20:44 Kevo: Shangazi asante kwa kunijibu. Gari la kwanza nitakufungulia mlango mimi.

20:50 Dada Felista: Tumekusikia Shangazi. Naandika hivi, semeni haraka: "Agosti 1982 Mama alipokea nyumbani familia ya mwanajeshi wa Anga, mke na watoto watatu, wa nne akazaliwa mikononi mwake, wakakaa naye hadi mwaka uliofuata. Shangazi Anjelina ni dada yetu wa nyumba ile."

20:52 Lusia: Ongeza unga wa Baba. Na sare.

20:53 Dada Felista: Ukurasa umejaa.

20:53 Lusia: Toa darasa la nne.

20:58 Domi: Andika "familia moja iliyokuwa na shida". Jeshi la Anga litoke.

20:59 Lusia: Familia moja ina jina, na imekuandikia hapo juu. Hujaijibu.

21:03 Dada Felista: Wa kuchapa anapiga simu. Domi, ndiyo au la.

21:04 Dada Felista: Domi.

21:09 Ivoni: Sare ya CWA ya Nyanya, anavaa au inawekwa juu ya jeneza? Mwenyekiti wa CWA anasema akina mama wenzake ndio watamvisha, tusiguse.

21:10 Lusia: Anavaa. Alisema mwenyewe. Na rozari ile ya kahawia, si ile mpya ya Roma.

21:10 Dada Felista: Ile ya kahawia iko wapi?

21:11 Lusia: Kwa Domi. Tangu mazishi ya Baba.

21:26 Dada Felista: Nimetuma kurasa zingine zote. Ule wa wasifu nimemwambia aushikilie mpaka kesho saa nne asubuhi, na atatutoza zaidi. Domi nimekupigia, hushiki.

21:40 Domi: Nitakuja asubuhi na rozari. Mengine tutaongea.

21:40 Dada Felista: Asubuhi saa ngapi? Saa nne ndiyo mwisho.

21:41 Dada Felista: Domi, asubuhi saa ngapi?

23:52 Paskali: Poleni jamani, nilikuwa kazini, ndio nasoma sasa. Shangazi, Mungu akuweke. Kwa hivyo anaongea kabla ya misa au baada ya komunyo? Padre ameambiwa? Na basi la Kangundo mwishowe ni la watu wangapi?