Tupeane uzoefu: ndugu yako alipoanza kuumwa kansa, zahanati walimwambia nini mara ya kwanza?

Nesi wa Mwanga (Kigoma)
Habari za humu wakuu. Mi ni nesi kwenye kituo cha afya huku Kigoma, majuzi tumetoka kwenye mafunzo ya kutambua dalili za kansa mapema na mpaka leo kichwa changu hakijatulia. Kansa sisi hatuzitibu, hizo ni za hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza na Ocean Road ya Dar, ila mgonjwa anaanzia kwetu, anaanza na kadaftari chake mkononi, na tukimpa panadol na dawa ya UTI akaondoka ndo imetoka hiyo mpaka arudi amekonda. Kule Ocean Road wengi wanafika kansa ishasambaa. Kutoka hapa mpaka Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, mtu haendi huko kujaribu bahati, anaenda akishatumwa, na wa kumtuma ni sisi.

Kitu mwezeshaji alichokikazania ni hiki: fungua kurasa za nyuma za daftari. Mgonjwa akirudi mara ya tatu na shida ileile usimwongezee dozi, anza upya, mlaze umpapase. Uingereza nao mwaka 2025 wamewawekea madaktari wao wa mitaani utaratibu huohuo wa mara ya tatu, kwa hiyo hata wenye mashine zote bado wanapitwa. Naomba mnisimulie, walisema nini mara ya kwanza na nani ndo alistuka? Kituo wala mtu msitaje jina.

Baba Zawadi (Uvinza)
Mwanangu alikua na miaka mitano, shavu likavimba upande mmoja. Tukaambiwa jino, likang'olewa, uvimbe uko palepale na unazidi, tukapewa sindano za jipu, bibi yake akasema apelekwe akachanjwe chale na kweli tulishaanza kupanga. Mama yake ndo aliona mtoto anakula ugali anausukuma na ulimi kwenda upande mmoja tu. Tukarudi zahanati tukamkuta tabibu kijana amehamia karibuni, akavaa glovu akaingiza kidole akagusa gego moja moja, yote ya upande ule yanacheza! Akaniuliza baba huyu ameanza kung'oka meno? nikasema bado, umri haujafika. Akamlaza akampapasa na tumbo. Hakuandika dawa hata moja. Akasema baba mnaondoka leo hii kwenda hospitali ya mkoa Maweni, sio kesho, na akapiga simu mbele yangu kuwaambia mtoto anakuja. Bugando wakachukua kinyama cha kupima wakasema ni kansa inaitwa Burkitt, akatundikiwa dripu za kansa, nywele zikaisha zote, ila lile shavu lilinywea haraka mpaka nikaogopa. Sasa yuko shule, mkorofi balaa, Mungu ni mwema.

Tabibu Kasulu
Baba Zawadi pole na hongera. Huyo kijana alifanya kila kinachotakiwa. Burkitt imepewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeiandika mwaka 1958 akiwa Uganda, inapatikana sana sehemu zenye malaria nyingi kama huku kwetu, inakaa kwenye taya au tumbo la mtoto, na inakua haraka mno, inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku mbili tu. Kwa hiyo yale maneno ya "njoo wiki ijayo tuone" kwa mtoto kama huyo ni hatari kubwa. Uzuri wake inasikia sana dawa akiwahi.

Dada Neema (Kasulu)
Mama yangu alishakata hedhi miaka mingi akaanza kuona damu. Aliona aibu, alimwambia mdogo wangu tu. Kituo cha kwanza wakasema UTI, akapewa dawa, damu ikapungua ikarudi, majirani wakasema chango. Aliyestuka ni nesi mmoja mtu mzima wa kliniki ya mama na mtoto, alivuta pazia wakabaki wawili akamuuliza kwa sauti ya chini, mama, damu hii inatoka ukishakutana na mzee? Mama akasema ndio. Hakuna mtu alikua amemuuliza hilo swali kabla. Akamwangalia na kile chuma cha kupanulia. Mimi nilidhani atampaka ile siki ya kupimia kansa ya mlango wa kizazi maana ndo tunayoisikia kila kampeni, hakupaka, akanieleza baadae kwamba siki ni ya kumkagua mwanamke asiye na dalili, huyu nimeona kidonda na nikikigusa kinatoa damu, huyu anahitaji kinyama. Akaandika rufaa siku hiyohiyo. Amepigwa mionzi Ocean Road, amerudi, msimu huu amelima maharage.

Nesi wa Mwanga
Dada Neema hilo la siki naomba kila nesi alisome mara mbili!! Mwenye damu asisubirishwe mpaka siku ya kampeni. Na mlango wa kizazi ndo kansa inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwahiyo mabinti wa miaka 9 mpaka 14 wapelekeni chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta hiyo kansa, tangu 2024 ni dozi moja tu.

Mkulima wa Urambo
Kwetu haikuisha vizuri. Kaka yangu alianza kusema ugali unakwama, wakampa dawa za vidonda vya tumbo, akarudi wakampa zilezile, akahamia uji, baadae maji nayo yanarudi. Kamera ya koo alipigwa wakati hana nguvu hata ya kukaa. Kama kuna mtu anafundisha hao watu wa zahanati awaambie wamuulize mgonjwa mzee, chakula kinashuka? Basi.

Mhudumu wa jamii, mwambao
Mimi niko vijiji vya ziwani, kwenda mjini ni boti. Sisi wahudumu wa jamii tulifundishwa kansa ya titi kwa vitendo, sio picha tu: uvimbe mgumu usiouma, chuchu iliyoingia ndani, ngozi imekua kama ganda la chungwa, uvimbe wa kwapani. Wamama wengi wanangoja liume, sasa mwanzoni mara nyingi haliumi. Kazi ngumu kuliko zote ni yale maneno kwamba ukikatwa inasambaa. Mi nimeacha kubishana, namchukua mama mmoja wa hapahapa aliyekatwa ziwa na yuko hai, naenda nae mpaka nyumbani kwa mgonjwa, wanaongea wenyewe.

Nzega Damu
Mnaongea vizuri ila mnatufundisha kustuka alafu kinyama kinaenda kupimwa mbali, majibu hayaji, mgonjwa anakata tamaa anarudi kwa mganga. Mafunzo bila maabara ni kumtia mtu hofu tu.

Nesi wa Mwanga
Nzega Damu hoja yako nzito na siipingi, wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache mno na inauma. Shirika la Afya Duniani kwa kansa ya matiti linataka mtu apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza, na zile siku zinaanza kuhesabika zahanati, sio Bugando. Miezi inayopotelea kwetu hiyo tunaweza kuiokoa bila mashine yoyote. Sisi tumeanza daftari la rufaa, jina, simu ya mgonjwa na ya ndugu, kila Ijumaa tunawapigia, ulifika? walikwambiaje? Unakuta mwingine hata nauli hakupata na hakuna aliyejua.

Mama Junior (Sikonge)
Samahani naingilia. Mwanangu ana mwaka na nusu, nikimpiga picha usiku jicho moja linang'aa jekundu lingine jeupe kama la paka. Zahanati wamenipa dawa ya kupaka ya tube. Je niendelee nayo?

Tabibu Kasulu
Mama Junior, usisubiri dawa iishe. Weupe ndani ya mboni ya mtoto inaweza kua mtoto wa jicho au ni kansa ya jicho, vyote viwili vinahitaji daktari wa macho. Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa Kitete, beba ile picha kwenye simu, mwonyeshe, sema neno "mboni nyeupe". Wakikwambia rudi baada ya mwezi, omba barua ya rufaa.

Mama Junior (Sikonge)
Sawa dokta, gari ya saa kumi na mbili.