Je, Kenya irejeshe kikomo cha riba ili benki zikopeshe?

Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba, kwa kuwa benki zinajivuta kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, Bunge lirejeshe sheria ya kudhibiti riba. Naipinga, kwa sababu njia hiyo tumekwisha kuipita.

Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, benki haikuruhusiwa kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu (riba ya msingi ambayo Benki Kuu hutangaza) kwa zaidi ya asilimia 4, hivyo kikomo kikawa takriban asilimia 14. Mwenye duka asiye na hati ya shamba wala mshahara unaopitia benki akaonekana kuwa mtu wa hatari ambaye benki haiwezi kumtoza riba inayolingana na hatari hiyo, akanyimwa mkopo. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uliozidi asilimia 20 mwaka 2014, ulishuka hadi karibu asilimia 2 mwaka 2017. Waliokuwa na mikopo tayari walipata nafuu, nami siwaonei kijicho, lakini wengine wengi waliachiwa mikopo ya simu.

Mkopaji anayewasukuma wengine kando ni serikali yenyewe. Februari 2024 iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kukopa fedha kutoka kwa benki na wawekezaji wengine, kwa riba ya takriban asilimia 18.5, isiyokatwa kodi. Benki ikipata faida hiyo bila kumfuata mtu mlangoni, itahangaika na fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, kwa lipi? Kufikia mwisho wa mwaka huo mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imepungua badala ya kukua.

Kibaya zaidi, serikali kuu na za kaunti mara nyingi haziwalipi kwa wakati wanaoziuzia bidhaa. Namfahamu seremala aliyekopa fedha za mbao na vibarua baada ya kupata oda ya madawati ya kaunti moja. Madawati yalikaguliwa, yakapokelewa kwa sahihi na muhuri, malipo hayakuja. Mkopo ukamlemea, akaorodheshwa CRB (kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji) kuwa ameshindwa kulipa, akauza mashine yake ya kuranda na kuwaachisha kazi vijana aliokuwa akiwafunza. Benki inamhesabu kuwa mdeni mbaya, ilhali mdeni wa kweli ni kaunti.

Nakubali kwamba tangu Benki Kuu ianze kupunguza kiwango chake Agosti 2024, benki zimechelewa mno kuwashushia wateja riba, na zinastahili kubanwa kwa hilo. Hata hivyo, naomba wanaotetea kikomo watueleze kingemsaidiaje seremala huyu, na kwa nini tusianze na sheria ya kuilazimisha serikali ilipe kwa wakati, pamoja na riba kila inapochelewa.