Tupeane uzoefu: Yanga wa Tanga, siku ya fainali na Coastal 2022 ulikaa upande gani?

Mgosi_Makorora
Wakuu habarini. Juzi barazani watu wamebishana jambo moja mpaka muuza kahawa kabeba birika lake kaondoka, nikasema hili nililete huku tupeane uzoefu bila kutukanana.

Sote tunajua mtu wa Tanga ana timu mbili, moja Coastal Union ya hapahapa na nyingine Simba au Yanga (ipi ni ya kwanza hilo ni siri yako na Mungu wako). Kwenye ligi haina shida, mechi ikifika unasema yeyote akishinda sawa, pointi tatu tu hizo. Sasa Kombe la Shirikisho msimu wa 2021/22 likatubana pabaya. Coastal ya kocha Mgunda mwishoni mwa Mei inawatoa Azam kwa matuta (penati) pale Arusha, huku Mwanza Kirumba Yanga anamfunga Simba 1-0 goli la Feisal. Fainali tarehe 2 Julai Sheikh Amri Abeid, Wagosi wa Kaya (Coastal) na Wananchi (Yanga), na Yanga wenyewe ndo wametoka kuchukua ligi bila kufungwa hata mechi moja.

Kilichotokea mnakijua, 3-3 mpaka dakika za nyongeza zinaisha, matatu yetu yote kafunga Abdul Suleiman Sopu peke yake, halafu matuta wakatupiga 4-1.

Swali langu ni kwa wale wa timu mbili. Ulikuwa wapi, umevaa nini, na goli la Nkane la 3-3 lilipoingia ulifanya nini? Takwimu zipo kila mahali, hapa lete ulichofanya wewe. Mi mwenyewe ni Coastal na Simba kwa hiyo siku ile nililala usingizi wangu wote, ndo maana nauliza nyie.

Jangwani_Ngamiani
Aisee umenigusa. Mi Yanga wa kurithi, babu Yanga, mzee Yanga, Coastal naipenda kwa sababu nimezaliwa Ngamiani na uwanja wetu wa Mkwakwani nimeanza kuingia nikiwa mdogo kwa kushikwa mkono na mtu mzima yeyote aliyekuwa getini. Siku ile nlienda kibanda umiza nimevaa jezi ya Yanga ndani na shati juu vifungo vyote nimefunga mpaka shingoni, joto lile la ndani mnalijua.

Sopu kafunga la kwanza, kibanda chote juu, na mi nikajikuta nimesimama yani mwili umesimama wenyewe. Nikakaa. Kipindi cha pili Fei (Feisal) akasawazisha nikapiga kelele, kelele ya peke yangu, watu wakageuka wananitizama. Jamaa wa mbele kaniuliza taratibu kabisa, "We mgosi, kwenu wapi?" Nilikosa cha kumjibu. Makambo alipoweka la pili nilishangilia kwa vidole vya miguu tu. Halafu dakika za mwisho kabisa Sopu tena, 2-2, na kwenye nyongeza Sopu tena, 3-2, mtu aliyekaa pembeni yangu akanikumbatia analia, mzee mtu mzima, na mi nikamkumbatia. Sasa Nkane anafunga bado tumekumbatiana. Nifanyeje? Nilimpigapiga mgongo nikasema "ndo mpira mzee wangu" huku moyoni nacheka. Matuta sikuyaangalia, nilitoka nje nikasikiliza kelele tu, na kwa jinsi kulivyokuwa kimya nikajua Yanga tumeshinda. Nyumbani nilirudi na kombe lakini sikuwa na mtu wa kumtambia mtaa mzima.

Costa_Ya_Kange
Mi nlikuwepo Arusha. Tulitoka na costa usiku, Segera, Korogwe, Mombo tukasimama kula, Hedaru, Same watu wamelala, zaidi ya kilomita 400 hizo na asubuhi tunafika baridi ya Julai inatusubiri na sisi watu wa pwani tumekuja na fulana.

Nachotaka kusema ni kuhusu hao wanaoitwa mashabiki wa Coastal waliojaa siku ile. Ndani ya gari letu kulikuwa na jezi nyekundu nyingi kweli, sasa kulipokucha vizuri naangalia nyingine nembo ni ya Simba! Kakunja kifuani kaificha na skafu. Nikamuuliza mmoja Mkwakwani mara ya mwisho umeingia lini, akaanza kuniuliza hali ya hewa. Walikuwa na hasira za Kirumba hao, Coastal ilikuwa fimbo tu ya kumchapia jirani. Lakini niwe mkweli, uwanjani ndo walioimba kuliko sisi. Sisi wenyewe Coastal tulikuwa tumekaa tunatetemeka, ukishaongoza na Yanga huimbi, unaomba Mungu saa iende.

Sopu alipofunga la tatu nilimwona mzee mmoja wa Yanga, wa Tanga namjua kwa sura, kakaa upande wao na kajifunika kanga ya mkewe kichwani. Mpaka leo sijui alikuwa anaficha huzuni au furaha. Kurudi, mabishano ya nani hakutakiwa kupiga penati yalianza Moshi yakaisha Mombo, dereva akatishia kutushusha.

Bi_Mabawa
Mmesahau kuna vita vya ndani ya nyumba. Mi Simba, baba watoto Yanga wa kufa mtu, na mama mkwe wangu ni Coastal tupu, hana timu ya pili na hataki kusikia. Siku ile alikuja kutoka Muheza na machungwa kapu zima kuangalia fainali kwetu. Baba watoto kwa heshima ya mama yake katangaza asubuhi, "leo mimi Coastal, nyumbani kwanza". Nikamwangalia nikanyamaza, nikasema tutajuana mbele.

La kwanza la Sopu kapiga makofi, ya adabu, pa pa pa basi. La Fei kaenda chooni. Yani goli la timu yake kaenda kulishangilia chooni, tunamsikia! Mama mkwe akaniambia "mwanangu, mumeo anaumwa tumbo?" Nikamwambia mama, hilo tumbo lina rangi ya kijani na njano. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka. Nkane alipofunga hakujizuia tena, alisimama katikati ya sebule mikono juu mbele ya mama yake mzazi. Mama mkwe hakusema kitu, alianza kurudisha machungwa yake kwenye kapu moja moja. Yalibaki machache tu ya watoto. Msimu uliofuata ikawa hata Yanga ikicheza na timu nyingine bibi akipiga simu swali la kwanza ni "tumbo lake linaendeleaje".

Jangwani_Ngamiani
Bi Mabawa 😂😂 mwambie shemeji tupo wengi tulioumwa tumbo siku ile

Kimanumanu_Damu
Nyie mnaongea kama Tanga ina timu moja. Sisi African Sports, klabu kongwe kuliko hiyo yenu, siku ile hatukuwa na tumbo wala nini. Nilishangilia Yanga mchana kweupe barabarani, jezi nimeazima. Coastal akichukua kombe mimi nitaishi vipi Tanga hii?

Mgosi_Makorora
Kimanumanu wewe tunakujua, hata Coastal ingecheza na timu ya mwezini ungeshangilia mwezi.

Mzee_wa_Jukwaa
Wadogo zangu, mnaocheka hapa wengi hamkuwepo Mkwakwani tarehe 24 Aprili 2016. Kombe hilihili, nusu fainali, Coastal na Yanga, na mechi iko nyumbani kwetu. Ile ndo ilikuwa siku ya kuumwa tumbo kwa mtu wa timu mbili. Mi pia ni Coastal na Yanga, nilikaa jukwaani na kofia ya Yanga. Tuliongoza, wakasawazisha, dakika za nyongeza wakapata la pili na hapo hali ikachafuka, mawe yakaanza kuruka, refa msaidizi akapigwa, mchezo ukavunjika. Kofia niliikunja nikaikalia kabla hata ya jiwe la kwanza, niliona nyuso. Kutoka nilitoka nimeshika mkono wa kijana nisiyemjua kama vile mwanangu. Ushindi wakapewa Yanga, na kombe wakalibeba kwa kumfunga Azam 3-1.

Na msimu uleule Coastal, African Sports na Mgambo zote tatu zikashuka daraja kwa pamoja. Mkoa mzima ukabaki bila timu ligi kuu. Kwa hiyo 2022 watu wanapolia kukosa kombe kwa matuta, mi nilikuwa nawaangalia tu. Miaka sita nyuma tulikuwa tunarusha mawe na tunashuka, leo tunapoteza fainali kwa heshima mbele ya bingwa asiyefungwa. Mi siku ile nilivaa nyekundu na nyeupe kuanzia kofia, na Yanga wangu walipobeba ndoo nikapiga makofi nimekaa. Kofia ya kijani sijaivaa Mkwakwani tena tangu 2016.

Chumbageni_Kwetu
Swali la nje kidogo, mshindi wa pili wa kombe si huwa anapata nafasi ya Afrika? Mbona hatukwenda kama Yanga alikuwa keshapata kwa ligi?

Mgosi_Makorora
Hapana mkuu, hilo lilituuma wengi. Yanga kubeba vyote viwili nafasi ikarudi kwenye ligi, Geita Gold ya George Mpole waliomaliza wa nne ndo wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika na Azam. Sisi tulisubiri mpaka tulipomaliza wa nne msimu wa 2023/24. Kwa hiyo hata wewe Jangwani uliyeshangilia kwa vidole vya miguu, ujue ulikuwa unashangilia Geita kupanda ndege.

Jangwani_Ngamiani
Sasa hapo umeamua kuniua kabisa

Jezi_Mkwakwani
Mi nauza jezi pale nje ya uwanja, ngoja niwape ya upande wa biashara. Wiki ya fainali ya 2022 jezi za Coastal ziliisha zote hata zile za msimu wa nyuma zilizopauka, watu wananunua ya Coastal huku wanauliza bei ya Yanga "kwa ajili ya rafiki". Rafiki gani, saizi ni yako!

Sasa mwaka uliofuata fainali ikaletwa hapahapa Tanga, Juni 2023, Yanga na Azam, siku chache tu baada ya Yanga kukosa kombe la Afrika kwa USM Alger. Nikajipanga, nikachukua mzigo mkubwa wa Coastal nikisema uwanja ni wetu, na Sopu mwenyewe keshahamia Azam watu watakuja kumkumbuka. Wapi! Mji mzima kijani. Wale walioficha jezi ndani ya shati mwaka jana wote walitoka nazo nje wamepiga pasi, maana Coastal hayupo uwanjani nani atawauliza kwao wapi. Musonda kafunga moja likatosha. Ya Coastal niliuza kwa mama mmoja mtu mzima, kasema anampelekea mwanawe ana matatizo ya tumbo.

Bi_Mabawa
Usiniambie alikuwa na kapu la machungwa

Jezi_Mkwakwani
Kapu alikuwa nalo dada, ndani sikuchungulia. Ule mzigo bado ninao, nyekundu na nyeupe saizi kubwa, Kimanumanu wewe nakuuzia bei ya nusu.