Migahawa ya Kiitaliano ya Posta inatumalizia saa ya mapumziko na kutuficha bei: yaliyotukuta tulipomuaga mzee wetu

Wakuu, heshima yenu.

Nimekaa na jambo hili siku tisa nikitafuta namna ya kulieleza kwa utulivu, na nimeona nisisubiri tena. Ninafanya kazi katika ofisi moja Posta, Dar es Salaam, na kama wenzangu wengi wanaoshuka kwenye mabasi ya mwendokasi kila asubuhi, nina saa moja tu ya chakula cha mchana, kuanzia saa saba hadi saa nane. Malalamiko yangu yanahusu migahawa inayojinadi kuwa ya Kiitaliano katika majengo ya maofisi ya katikati ya jiji, ile yenye ubao mlangoni unaomwalika mfanyakazi apate chakula cha mchana cha haraka. Mgahawa ulionifikisha hapa sitautaja, kwa sababu nimekula katika zaidi ya mmoja na tabia ni ileile.

Mzee wetu wa masjala alikuwa anastaafu baada ya kutimiza miaka 60. Ndiye aliyetupokea sote, kila mmoja kwa wakati wake, na hata leo ukimwamsha usiku wa manane atakuambia jalada lako liko rafu ya ngapi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi alikula kwa mama lishe yuleyule, na aliwahi kutuambia kwamba akipita mbele ya mgahawa ule wa vioo hujiuliza chakula chake kina ladha gani. Basi tukakubaliana kumpeleka huko. Tulikuwa watano tuliochanga, kila mmoja shilingi 40,000, jumla 200,000. Nilikuwa nimepita siku moja kabla, nikaisoma menyu, nikapiga hesabu ya watu sita ikaja 176,000, na tukapanga kwamba zitakazobaki, yaani 24,000, tumnunulie mama wa nyumbani kwake doti ya kanga. Pia nilibuku meza na kueleza kwamba tuna saa moja tu. Nikaambiwa hakuna shida.

Siku ya Alhamisi tuliketi saa saba na dakika tano. Mhudumu alikuja saa saba na robo. Tuliagiza piza mbili za Margherita, sahani tatu za tambi zenye mchuzi wa nyama na lasanya moja, yaani tambi bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi. Chakula cha kwanza kilifika mezani saa saba na dakika hamsini na mbili, na piza ya pili ilikuja saa nane na dakika nne, wakati ambao sisi tulitakiwa tuwe tumeshakaa kwenye viti vyetu ofisini.

Wapo watakaosema chakula kizuri kinataka subira. Ningekubali kama tungeagiza biriani au makongoro. Lakini jiko la Kiitaliano, kwa vyakula hivi tulivyoagiza, ni miongoni mwa majiko yenye kasi kubwa kuliko yote, na ndiyo maana linafaa mitaa ya maofisi. Piza ya Napoli, ambayo ufundi wa waokaji wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, huokwa katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 485 hivi za Selsiasi, na kanuni za chama cha waokaji hao kilichoundwa mwaka 1984 zinataka ikae humo kati ya sekunde 60 na 90. Narudia, sekunde. Unga huumuliwa saa nyingi kabla, kwa hiyo mteja akifika kazi iliyobaki ni kutandaza donge, kupaka nyanya, kuweka jibini na kusukuma ndani. Hata tanuri la umeme lisilofikia joto hilo halihitaji zaidi ya dakika kumi. Tambi kavu nazo huchemka kwa dakika nane hadi kumi na mbili, na jiko lenye wateja wengi wa mchana huruhusiwa kabisa kuzichemsha nusu mapema, kisha kuzimalizia ndani ya mchuzi kwa dakika moja au mbili pale zinapoagizwa. Lasanya huokwa asubuhi, ikakatwa na kupashwa moto. Dakika zile thelathini na saba zilikwenda wapi?

Nilipoziona tambi nilipata jibu la swali jingine. Zilikuwa zimeivishwa hadi mwisho tangu asubuhi, zikahifadhiwa, kisha zikapashwa kwenye mikrowevu. Nilijua kwa sababu nilipoinua uma, tambi zote zilinyanyuka pamoja kama kipande cha ugali, ukingo mmoja umekauka na kuwa mgumu, na katikati zimekuwa uji. Chini ya sahani kulikuwa na maji mekundu yaliyojitenga na nyama. Waitaliano husema tambi ziive kiasi cha jino, maana yake ukiuma usikie kiini kinakataa kidogo. Nchini mwao sheria tangu mwaka 1967 inataka tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu, ambayo ndiyo inayozipa uwezo wa kuvumilia maji ya moto bila kulegea, na yale maji ya kuchemshia yenye wanga huongezwa kidogo kwenye mchuzi ili ushikamane na tambi. Hakuna kifaa cha gharama kinachohitajika hapo. Kinachohitajika ni sufuria kubwa, chumvi na mtu anayetazama saa.

Tena tambi si kitu kigeni kwetu hata tudanganywe. Watu wa pwani tunazikaanga na kuzipika kwa nazi, sukari na iliki kwa ajili ya futari, na mama yeyote wa Kariakoo akizilegeza kiasi kile angeona aibu kuzitenga mezani.

Sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mzee wetu ni Mwislamu. Kabla hajaagiza alimwita mhudumu kwa upole, akamuuliza, "Mwanangu, nyama hii ni ya nini?"

"Ng'ombe, mzee."

"Ng'ombe mtupu?"

"Ndiyo mzee, ng'ombe mtupu, usiwe na wasiwasi."

Tulisikia sote. Sahani yake ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza. Wakati huohuo mwenzetu mmoja alikuwa amesimama kwenye dirisha la jiko kuulizia piza ya pili, na katika mazungumzo na mpishi akataja kwamba mzee wetu ameagiza tambi za nyama baada ya kuhakikishiwa kuwa ni ng'ombe. Mpishi akashtuka. Akasema nyama ile ina nguruwe ndani, na kwamba ndivyo alivyofundishwa. Mwenzetu alirudi mezani karibu akikimbia, akaushika mkono wa mzee wakati uma umekwisha kuzamishwa kwenye sahani.

Simlaumu mpishi. Alichosema ni kweli: mapishi ya ragu ya Bologna, yaani mchuzi wa nyama wa mji huo wa Italia, yale yaliyosajiliwa mwaka 1982 katika chemba ya biashara ya huko, yana nyama ya ng'ombe pamoja na nyama ya tumbo ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Anayepika hivyo anapika sawasawa. Ninaolaumu ni walioandika kwenye menyu neno "nyama" na kuishia hapo, katika jiji ambalo adhana inasikika hadi ndani ya mgahawa wenyewe, na mhudumu aliyejibu kwa uhakika jambo ambalo hakulijua. Sitaki kumwonea kijana wa watu, kwani naamini hakuna aliyemwelekeza, lakini ilikuwa hatua kumi tu kutoka mezani hadi kwenye dirisha la jiko. Angeuliza. Na shida haiko kwenye mchuzi huo peke yake. Tambi za karbonara kwa asili hupikwa kwa shavu la nguruwe, mayai, jibini ya kondoo na pilipili manga, na lasanya mara nyingi hutumia mchuzi uleule wa ragu. Mteja asiyezijua habari hizi ana ulinzi gani mwingine zaidi ya maandishi ya menyu na kauli ya mhudumu?

Mzee aliisogeza sahani taratibu, akanawa mikono, akaomba mkate. Akala vipande viwili vya mkate kwa maji, siku ya kuagwa kwake, huku akituambia sisi tuendelee na tusikasirike kwa ajili yake. Meneja alikuja, akasema "pole sana mzee," akaondoka na sahani. Hakuna chakula kingine kilicholetwa.

Kisha ikaja bili. Vyakula 158,000, maji 18,000, jumla 176,000 kama nilivyopiga hesabu, na sahani ya mzee ikiwa imo ndani kwa bei yake kamili ya 27,000. Chini yake gharama ya huduma ya asilimia 10, shilingi 17,600. Chini yake tena VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ikiwa imekokotolewa juu ya chakula na huduma pamoja, shilingi 34,848. Jumla kuu 228,448. Nilipouliza, nilifunguliwa ukurasa wa mwisho wa menyu na kuonyeshwa mstari mmoja wa Kiingereza, wenye herufi ndogo kuliko zile za kwenye chupa ya dawa, unaosema kwamba bei zote hazijajumuisha kodi wala huduma. Kwa maneno mengine, hakuna bei hata moja katika menyu nzima ambayo mteja anaweza kuilipa na kuondoka. Nina hesabu zangu na sipingi kodi. VAT ni ya Serikali na ninailipa kila ninaponunua kitu. Ninachopinga ni kuandikiwa 27,000 kwa herufi kubwa ili niingie, na kudaiwa zaidi ya 35,000 nikiwa nimeshakula. Na hiyo huduma ya asilimia 10, ambayo mteja hapewi nafasi ya kuikataa, tulitozwa kwa ajili ya huduma ipi siku ile?

Meneja alikubali kuondoa 27,000 za sahani ya mzee baada ya mabishano marefu, na punguzo hilo akalihesabu kama hisani, akiacha kodi na huduma ya sahani hiyo palepale. Tukalipa 201,448 kwa lipa namba. Ile 1,448 iliyozidi niliongeza mwenyewe, na doti ya kanga haikununuliwa.

Kuna wanaotetea bei hizi kwa kusema kila kitu kinatoka Ulaya. Nimelitazama hilo pia. Nyanya zinazojaza masoko yetu zinalimwa Ilula mkoani Iringa. Ule mmea wa kijani unaowekwa juu ya Margherita ni rihani, jamii moja na mrihani ambao bibi zetu hutunga vikuba. Njombe kulijengwa kiwanda cha maziwa kwa ushirikiano na Waitaliano, na jibini kimewahi kutengeneza. Zinazobaki kuagizwa kutoka nje ni tambi za ngano ngumu, mafuta ya zeituni na zile jibini ngumu za kukuna. Pakiti ya nusu kilo ya tambi za Italia nilinunua dukani kwa 5,500 juzi, nayo hutosha watu watano. Najua mgahawa una kodi ya pango, umeme na mishahara, na Posta pango si mchezo. Hata hivyo mama lishe wa mzee wetu, anayebeba masufuria yake kutoka nyumbani alfajiri, hukutajia bei kabla hujaketi, sahani inafika kabla hujamaliza kunawa, na ukimuuliza nyama ya nini anakujibu hadi jina la bucha.

Jambo la mwisho ni risiti. Pamoja na kukatwa VAT hiyo yote, karatasi tuliyopewa ilikuwa bili ya kawaida, haikuwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nilipodai, nikaambiwa mashine imegoma kwa sababu ya mtandao, niache namba yangu nitatumiwa WhatsApp kabla ya jioni. Nimepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza mhasibu alikuwa ametoka, mara ya pili nikaombwa nitaje kiasi na tarehe upya, mara ya tatu simu haikupokelewa. Leo ni siku ya tisa, na pesa iliyochukuliwa kwa jina la Serikali sina ushahidi wowote kwamba iliandikwa popote. Kila siku tunahimizwa tudai risiti. Nimedai.

Ninachohitaji kwenu ni msaada wa mambo mawili. Aliyewahi kufuatilia risiti ya EFD baada ya siku kadhaa kupita anieleze alianzia dirisha gani TRA, mamlaka ya mapato, na alibeba nini, maana muamala wa lipa namba ninao na ile bili nimeitunza. La pili, kama yupo anayefahamu mgahawa wa aina hii hapa Posta au Kisutu ambao unaandika nyama kwa jina lake na bei kwa ukamilifu wake, naomba autaje hapa. Mzee bado hajaonja piza, na kabla hajasafiri kwenda kwao Lindi mwishoni mwa mwezi ninataka nimpeleke tena.